Filamu Inasema Baba Yangu Alificha Viatu vya Mama

Doña Osiris mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba kwa uso mkavu, maana mimi si mtu wa kulialia, nina saluni yangu hapa San Braulio, nimelea wanangu na kumtimua mume mlevi bila kumwomba mtu ushauri, na kila Ijumaa nikisoma ukurasa wako gazetini huwa nasema moyoni, maskini Doña Osiris, anahangaika na watu wasiojua kujiongoza, na leo zamu imenifikia mimi, kwa hiyo tafadhali usilichapishe jina langu, mji huu ni mdogo na mdomo wake ni mkubwa.

Baba yangu ni Ubaldo Tordecilla, fundi viatu, kibanda chake kimeegemea ukuta wa kanisa upande wa mtoni, na mama yangu ni Deyanira, ambaye ukimuuliza habari za asubuhi anakujibu kwa hadithi yenye mwanzo, kati na mwisho. Wamezeeka pamoja wakigombania redio na kugawana kichwa cha samaki, na sijapata kuwaona wamelala wamenuniana. Kila Ijumaa mama humsomea baba ukurasa wako kwa sauti huku baba anashona, na huwa wanabishana na wewe kama vile umeketi nao pale kibandani. Hao ndio wazazi wangu. Sasa sikiliza yaliyowapata.

Miaka michache iliyopita kaka yangu Wilfrido, mwenye boti ya abiria, alimleta nyumbani mwandishi mmoja wa Bogotá, cachaco, ndivyo tunavyowaita watu wa huko juu milimani, mpole, mwenye mashavu yaliyoungua jua, aliyesema anatafuta maisha ya kweli ya watu wa mtoni ili aandike riwaya, na wewe unajua mgeni anavyopokelewa huku kwetu, anapewa kiti cha kuegemea, anapewa kahawa, halafu anapewa hadithi, na hadithi ya mgeni haiwezi kuwa ile tunayosimuliana wenyewe kwa wenyewe, hiyo ingekuwa kumpakulia kiporo. Basi mama akamtilia chumvi. Akamwambia kwamba ujana wake alikuwa mzuri mpaka padri alikuwa akikosea misa, kwamba mumewe kwa wivu alimfungia viatu vyake vyote sandukuni na ufunguo akauvaa shingoni, kwa kuwa mwanamke wa heshima hatoki nje pekupeku, na kwamba siku bendi ilipopita ikienda kwenye sherehe za miji ya chini, yeye alitoka hivyo hivyo pekupeku, jua la saa sita, mchanga unaunguza, akajitupa ndani ya mtumbwi wa mpiga tromboni na kukaa naye msimu mzima wa mvua. Na baba, Doña Osiris, baba alikuwa palepale anagonga soli, akadakia, "Na mimi nikamfuata na nyundo mkononi!" Wakacheka mpaka mama akashika mbavu. Akamkonyeza baba. Cachaco wa watu akainamisha kichwa, akaandika yote, na ule ukonyezo hakuuona.

Riwaya ikatoka, ikapata tuzo huko juu, hapa San Braulio akaisoma mwalimu peke yake. Sisi hatukujali. Kisha wakaja watu wa filamu, maana siku hizi kila riwaya yenye machozi lazima igeuzwe filamu, na hapo ndipo mji ukaingiwa wazimu, mimi mwenyewe nilitengeneza nywele za waigizaji na sitakudanganya, nilifurahi, nilijiona mtu, mama akawekewa kiti na mwavuli akawa anamfundisha binti wa Bogotá jinsi ya kutembea kwenye mchanga wa moto, na baba akawaazima nyundo yake ya kazi na kalibu zake za mbao za kuundia viatu kwa moyo safi. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba nyundo ile, kwenye filamu, ndiyo inayovunja kioo cha mama. Mwigizaji wa baba ana taya kama mlango wa ghala na hacheki hata mara moja. Na mwanzoni kabisa yanatokea maandishi makubwa meupe, "Kisa hiki kimetokana na maisha ya kweli."

Vipande vya filamu vikaanza kuzunguka kwenye simu kabla ya kanivali, na kanivali ya kwetu haimwachi mtu, vijana wakatoka wamejipaka masizi na kutundika viatu vya kike shingoni, wakazunguka mji wakiimba kwamba wanawake wote wa San Braulio wako chini ya ufunguo wa Ubaldo, wakafika mpaka kibandani, na baba akafanya inavyopasa, akacheka, akawamiminia ramu. Kanivali ikaisha. Mzaha haukuisha. Akienda kucheza dhumna anaambiwa, "Don Ubaldo, leo umemfungia wapi Doña Deya? Tumwite mpiga tromboni aje amtoe?" Na wanawake ndio wabaya zaidi, wanamletea kiatu kimoja. Nilikuwepo siku Nubia wa duka la nyama alipokuja.

Baba akamuuliza, "Cha pili kiko wapi?"

"Cha pili nimekivaa, Don Ubaldo. Nisije nikashindwa kurudi kwangu!"

Baba akacheka hapo pia, lakini nilimwona akikigeuzageuza kile kiatu kimoja bila kukitazama. Hata hivyo ningeyameza yote hayo, sisi ni watu wa mzaha na baba mwenyewe ni bingwa wake. Kilichonimaliza ni cha Jumapili iliyopita, na nilikiona kwa macho yangu. Mwanangu Maryoris, wa miaka tisa, hushinda Jumapili kwa babu yake, na baba ana desturi, mtoto akilala usingizi wa mchana yeye huchukua viatu vyake vya shule na kuving'arisha kwa ajili ya Jumatatu. Akaenda kuvichukua, havipo mlangoni. Akamkuta mtoto kwenye bembea ya wavu, amelala, amevikumbatia viatu kifuani kwa mikono miwili. Akavishika polepole ili avitoe, Maryoris akashtuka, akavivuta na kusema, "Babu, usivichukue. Nitakaa vizuri, sitakimbia."

Baba akaviachia. Jumatatu hakufungua kibanda, Jumanne hakufungua, na mpaka leo hakifunguliwi, anakaa uani na redio imezimwa. Mama anamwambia hewa ya mto imemwingia kifuani, ampikie mchuzi wa samaki bocachico, yeye anasema sawa, halafu hali.

Na Jumamosi ya wiki ijayo, mkesha wa sikukuu ya mtakatifu wetu, filamu inaonyeshwa uwanjani, nusu ya watu wa Bogotá watakuwepo, kitambaa kinatundikwa kwenye ukuta wa kanisa, ukuta uleule wa kibanda chake, na wamemwomba kwa adabu zote ashushe turubai lake lisije likaziba picha. Akalishusha mwenyewe. Mama ameshonesha gauni la kijani, atapandishwa jukwaani kusema maneno machache, na anayafanyia mazoezi mbele ya kioo. Juzi nikamsikia anasema "yale mateso yangu." Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, mateso gani?"

"Ya kwenye filamu."

"Baba hajawahi kukufungia hata mlango wa choo!"

"Kwani sijui? Lakini mwanangu, nikasimame mbele ya watu wote wale niseme nini? Kwamba niliolewa na fundi viatu, tukala samaki, tukazeeka? Nani atapiga makofi?"

"Baba anaumia."

"Ubaldo? Ubaldo alicheka kuliko sisi wote! Ile nyundo si aliiweka yeye kwenye hadithi?"

Na ni kweli, aliiweka yeye. Na ukitaka kuujua ukweli wenyewe wa mambo yao, ni huu, baba alinisimulia siku nilipoachana na mume wangu. Mama alikuwa msichana, akaja kibandani na sandali iliyokatika ukanda. Akashonewa. Baada ya siku chache ukanda ukakatika tena, akaja, akashonewa, ukakatika na wa mguu wa pili, na baba, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akamwambia, "Señorita, ngozi ikikatika yenyewe huwa inachanika. Hii imekatwa na kisu. Kesho njoo tu, usiharibu viatu." Basi. Hakuna mtumbwi, hakuna tromboni. Mama ukimtajia hayo anasema ni upuuzi, usimsumbue mtu na upuuzi.

Sasa nifanye lipi, Doña Osiris? Niwaandikie watu wa filamu niwaambie wafute yale maneno ya "maisha ya kweli," nimwaibishe mama mbele ya nchi nzima? Nimkokote baba Jumamosi akaketi mbele, watu wamwone alivyo mpole? Au ninyamaze, filamu ipite, mji upate cha kuchekea kingine? Nisaidie, maana nikimtazama baba nalia na nikimtazama mama na gauni lake nalia pia, na mimi, kama nilivyosema, si mtu wa kulialia.

Wako,
Binti Asiyetaka Jina, San Braulio

Doña Osiris anajibu

Binti Asiyetaka Jina,

Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. Wewe umemtaja baba, mama, kaka, mtoto, saluni, kibanda na ukuta wa kanisa, lakini jina lako, usiwe na wasiwasi, hakuna atakayelibahatisha. Barua nimeichapisha nzima na nimefanya hivyo kwa kusudi, utaona mwishoni kwa nini.

Pole, mwanangu. Nimezika waume wawili na nimesoma barua zenu mpaka macho yakachoka, lakini nilipofika kwa yule mtoto na viatu kifuani niliivua miwani nikaenda kusimama dirishani. Baba yako si mgonjwa wa kifua. Mzaha wa watu wazima aliuweza, kwa sababu kila anayemtania anajua kuwa ni mzaha. Maryoris hajui. Huyo ndiye mtu wa kwanza kuiamini ile filamu, na ndiye mtu ambaye Don Ubaldo hawezi kuvumilia aiamini.

Sasa nikugombeze. Nimeipitia barua yako mara mbili nikitafuta mahali uliposema, "nikamketisha mwanangu nikamweleza." Sijapaona! Habari ya ukanda wa sandali umeniandikia mimi, mwanamke usiyewahi kumwona, ukaipamba vizuri mpaka nikatabasamu, na mtoto anayelala amekumbatia viatu hujamwambia neno. Unapigana na Bogotá na moto uko jikoni kwako. Huoni haya kidogo? Ona kidogo, halafu tuendelee.

Hizo njia zako tatu zitupe zote. Watu wa filamu usiwaandikie. Hawakusema uongo, waliambiwa, na yule cachaco naye aliambiwa, kosa lake ni kwamba kule kwao watu husikiliza kwa masikio tu, na sisi huku nusu ya hadithi tunaisimulia kwa jicho. Ukiwaandikia utamfanya mama yako mwongo mbele ya wageni ili baba yako asionekane mkatili, na baba yako, ninavyomsoma, atakuwa wa kwanza kukasirika. Kumkokota uwanjani ndiyo usithubutu, yeye si gunia. Na kunyamaza umenyamaza tangu kanivali, tumeona kilichozaliwa.

Fanya hivi. Leo Maryoris akitoka shule, kabla hajala, mwambie kisa cha sandali, na mwambie vilevile kwamba bibi alimtania mgeni na mgeni hakuelewa. Watoto wa mtoni wanalijua hilo tangu wakiwa tumboni, atacheka, utaona. Kesho asubuhi kusanya viatu vyote vya nyumba yenu, vizima kwa vibovu, vya kwako na vya mtoto, vile vya visigino virefu ambavyo bila shaka umenunua kwa ajili ya usiku wa filamu navyo visibaki, vitie kwenye beseni, na mtoto ndiye avibebe mpaka uani kwa babu yake. Amwambie, "Babu, vitunze." Mviache hapo. Kisha mrudi nyumbani pekupeku, mama na mwana, na mpite katikati ya uwanja, pale wanapocheza dhumna, pole pole, kichwa juu. Mchanga ukiwaunguza vumilieni, mama yako alimfundisha yule binti wa filamu namna ya kutembea, akufundishe na wewe.

Na kila mwanamke atakayekaa kwenye kiti chako wiki hii inayokuja akitaka nywele za sherehe, awe nani awe, mwambie: nywele kwangu, viatu kwa baba, na nataka kuona vyote viwili. Nubia wa duka la nyama atangulie. Asipopeleka, aende uwanjani na nywele alizoamka nazo. Ukifanya hivyo kibanda kitabidi kifunguliwe, maana wanawake wote wa San Braulio watakuwa nje ya ukuta wa kanisa wanadai viatu vyao kabla ya Jumamosi, na hakuna fundi duniani anayeweza kuendelea kuumwa katika kelele hizo.

Filamu iacheni ionyeshwe. Nitakuja kuitazama na mimi, napenda sana filamu za watu wanaoteseka. Maisha yakimiminwa kwenye kitabu, na kitabu kikimiminwa kwenye filamu, kuna kinachomwagika na kuna maji mengine yanayoongezwa, na mtu mzima anakunywa huku anajua. Tatizo lenu halikuwa kitambaa kwenye ukuta. Ni kwamba watu wawili waliotunga mzaha pamoja, mmoja ameendelea kuusimulia wakati mwenzake ameshaacha kucheka, na hajageuka kumtazama.

Kwako nimemaliza. Sasa nitazungumza na anayesoma.

Doña Deyanira, najua ni wewe, leo ni Ijumaa, na sauti yako naijua bila kuisikia. Najua ulipofika kwenye jina lako ulitaka kukunja gazeti, na najua hukulikunja, kwa sababu anayesikiliza alinyoosha kidole akakuambia endelea. Habari ya mjukuu wako na viatu kifuani umeisoma sasa hivi kwa mdomo wako mwenyewe. Hukuwa unaijua, mumeo alikuficha. Meza mate, pumzika, kisha endelea.

Na wewe Don Ubaldo, nyundo uliiweka wewe. Kijiko hicho kimoja cha chumvi ni chako, kikubali, kisha kula mchuzi wako.

Unauliza nani atapiga makofi, Doña Deya. Nikuambie kitu kama mwanamke kwa mwanamke. Wanaokimbia na mpiga tromboni nimewaandikia majibu mpaka nimechoka, kila wiki wako wawili. Msichana anayekata viatu vyake mwenyewe kwa kisu ili apate sababu ya kusimama mbele ya mwanamume mmoja, huyo katika miaka yangu yote kwenye ukurasa huu nimempata mmoja tu. Jumamosi wakikupa kipaza sauti, simulia hicho. Simulia kabla taa hazijazimwa, na ukifika kwenye kisu geuka umtafute alipo, na umkonyeze kwa jicho kubwa, uwanja mzima uone, na watu wa Bogotá waone. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma, nami ndiye nitakayeanza kupiga makofi.

Lakini Jumamosi ya filamu iko mbali, bado siku nane, na yeye yuko mbele yako sasa hivi na redio imezimwa. Weka gazeti chini. Vua sandali ya kulia. Kisu kiko jikoni pale pale kilipokuwa siku zote. Kata ukanda, mpelekee, na akikuuliza, mwambie umekatika wenyewe.